Kompyuta Nayo Ihojiwe

Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya wasimamizi 900 wa ofisi ndogo za posta nchini Uingereza walitiwa hatiani kwa wizi, ulaghai na kughushi hesabu. Mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, ulionyesha upungufu wa fedha. Shirika la posta likauamini mfumo na kumshuku mtu. Wengine walifungwa, wengine wakafilisika, na wapo waliokufa kabla ya kusafishwa majina yao. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilithibitisha kwamba kasoro za mfumo ziliweza kuvuruga hesabu, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria iliyofuta hukumu hizo kwa mamia.

Programu kuwa na kasoro si ajabu. Kinachouma ni kwamba sheria ya Uingereza iliichukulia kompyuta kuwa sahihi hadi mshtakiwa aonyeshe vinginevyo. Aonyeshe kwa lipi, ilhali kumbukumbu za mfumo zimo mikononi mwa anayemshtaki? Wapo watakaosema mashine hukosea mara chache kuliko karani. Sawa, lakini karani huulizwa maswali. Wengine watahofia kesi kukwama iwapo kila mfumo utahitaji kuthibitishwa. Hilo halihitajiki: taasisi itoe orodha ya hitilafu inazozijua, na imtaje ofisa mwenye mamlaka ya kusimamisha madai hesabu zinapopingwa. Masharti hayo yaandikwe kwenye mkataba na mtengenezaji, kabla mfumo haujaanza kutumika.