Mkimbiaji wa Mbulu afundishwe Kijapani kabla ya kupanda ndege

Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliingia Uwanja wa Taifa wa Tokyo wakiwa wamebakiza mita chache za marathoni ya Mashindano ya Dunia. Kwenye mita za mwisho Petros alikuwa mbele. Walipovuka mstari, saa ilisoma saa 2, dakika 9 na sekunde 48 kwa wote wawili, ikabidi waamuzi waangalie picha. Simbu alikuwa ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1983.

Simbu ni mzaliwa wa Ikungi, Singida. Anayetoka huko kuelekea kaskazini, akaupita mlima Hanang na kupanda nyanda za Mbulu hadi Karatu, anapita katika ardhi iliyozaa majina mengi makubwa ya riadha ya Tanzania. Gidamis Shahanga wa Katesh alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. John Stephen Akhwari wa Mbulu alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akichechemea, mguu umefungwa bendeji. Filbert Bayi wa Karatu aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Siku hizi yupo Gabriel Geay, aliyekimbia Valencia mwaka 2022 kwa saa 2:03:00 na mwaka uliofuata akawa wa pili Boston.

Tumati, wilayani Mbulu, imo ndani ya ardhi hiyo. Kijana wa hapo anayeamka alfajiri kukimbia kwenye njia ya vumbi ana sababu nzuri ya kuiota Japani, na anao watu wa kumwelekeza kuhusu mapafu, miguu na viatu. Kinachokosekana ni mtu wa kumfundisha amwambie nini mpishi wa bwenini, kocha, daktari na jirani atakapofika huko. Maneno mia moja ya Kijapani, kuanzia na salamu, yanastahili kuwa sehemu ya mazoezi yake kama zinavyostahili mbio za kupanda mlima.

Uhusiano wa wakimbiaji wa Tanzania na Japani ni wa siku nyingi. Desemba 1983, huko Fukuoka, Juma Ikangaa alishindwa na Toshihiko Seko kwa sekunde tatu tu. Miezi michache baadaye akashinda Tokyo, akashinda tena Tokyo mwaka 1986, na mwaka huohuo akachukua Fukuoka. Wajapani waliokuwa vijana wakati huo wanalikumbuka jina lake hadi leo. Lakini Ikangaa alikuwa mgeni wa mashindano, na wengi waliomfuata wamekuwa hivyo hivyo: ndege, hoteli, mbio, ndege.

Wakenya walipita njia nyingine. Douglas Wakiihuri alikwenda Japani mwaka 1983 kufundishwa na kocha Kiyoshi Nakamura, akaishi huko, akajua lugha, na mwaka 1987 akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Rome. Eric Wainaina alijiunga na timu ya kampuni ya Konica, akapata shaba ya Olimpiki mwaka 1996 na fedha mwaka 2000, na Wajapani wakamzoea kwa kumsikia akizungumza lugha yao. Samuel Wanjiru alipelekwa mwaka 2002 akiwa na miaka 15 kusoma sekondari ya Sendai Ikuei. Miaka sita baadaye alikimbia Beijing kwa saa 2:06:32 na kuweka rekodi ya Olimpiki. Nyuma ya majina hayo matatu wako Wakenya wengine wengi, wanaume kwa wanawake, ambao hawakuwahi kupata medali kubwa lakini walilipwa mshahara wa kila mwezi na makampuni ya Japani kwa miaka, wakajenga nyumba na kusomesha ndugu.

Mfumo unaowaajiri unategemea ekideni, mbio za kupokezana ambamo kila mkimbiaji hubeba ukanda wa kitambaa begani na kumkabidhi mwenzake baada ya kilomita kadhaa. Ekideni ya vyuo vikuu ya Hakone ilianza mwaka 1920, hukimbiwa Januari 2 na 3 kila mwaka, na mamilioni huitazama kwenye televisheni. Siku moja kabla yake, Januari 1, hukimbia timu za makampuni mkoani Gunma. Wanawake wa makampuni wana ekideni yao Sendai mwezi Novemba. Wageni wanaruhusiwa kwa masharti: kila timu humpanga mmoja tu. Kwa hiyo mkimbiaji wa kigeni katika timu ya kampuni mara nyingi huwa peke yake, au wako wawili, kati ya Wajapani kumi na zaidi. Hawezi kujificha ndani ya kundi la watu wa kwao wanaosema lugha yake.

Maisha hayo ndiyo yanayodai maneno. Timu nyingi hulala bweni moja na kula meza moja. Anayetokea asubuhi husema *ohayo gozaimasu* kwa kila mtu, na kwa kocha huinamisha kichwa. Kabla ya kula, wote husema *itadakimasu*. Wakimaliza, *gochisosama*, nayo ni shukrani kwa aliyepika. Mazoezi yakiisha, watu huagana kwa *otsukaresama*, karibu na pole na kazi ya Kiswahili. Kijana anayekaa kimya mbele ya salamu hizi hachukuliwi kuwa mgeni asiyejua kwa muda mrefu. Baada ya wiki kadhaa huonekana ana kiburi, kama ambavyo angeonekana Tumati kijana anayempita mzee bila shikamoo.

Yapo pia maneno ambayo mwili wenyewe unayahitaji. Mkimbiaji amelala kifudifudi juu ya meza ya kukandwa misuli. Mkandaji anashuka na vidole vyake kutoka paja hadi nyuma ya goti, anabonyeza, anauliza kitu. Kijana asiyejua neno hukunja uso na kunyamaza, maana huko nyumbani alifundishwa kwamba mwanamume halalamikii maumivu. Kesho yake anapangiwa kilomita 30. Maneno mawili tu yangetosha: *koko*, hapa, *itai*, panauma. *Koko ga itai desu.* Akiongeza *hiza* kwa goti, *ashi* kwa mguu na *mizu* kwa maji, ameshajilinda dhidi ya ajali nyingi zinazotokana na ukimya. Namba nazo hazikwepeki, kwa sababu kocha akiwa ndani ya gari pembeni ya barabara hutaja kasi kwa sauti: *san-pun* ni dakika tatu, na anayesikia dakika nne amevuruga mazoezi ya wote. *Ichi, ni, san, yon, go, roku, nana, hachi, kyu, ju.* Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzikariri kabla ya chakula cha mchana.

Habari njema ni kwamba masikio na ulimi wa Mtanzania viko tayari kuliko anavyodhani. Kijapani kina irabu tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa karibu sawa na za Kiswahili. Silabi karibu zote huishia kwa irabu. Mzungumzaji wa Kiswahili akisoma *konnichiwa*, *sumimasen* au *arigato* kama zilivyoandikwa hapa, ataeleweka siku ya kwanza. Mwingereza hutaabika nazo. Penye mtego ni urefu wa irabu. *Obasan* ni shangazi au mama wa makamo, na *obaasan* ni bibi kizee. Kuzichanganya mbele ya mama wa miaka 45 ni kumuudhi bure. Lakini anayejua tofauti ya kufa na kufaa hawezi kushindwa na hilo. Mtoto wa Kiiraqw ana faida zaidi, kwani lugha yake hutofautisha irabu fupi na ndefu na pia hubadili maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti.

Ni vigumu kupata sehemu nyingine Afrika ambapo masikio yamezoezwa hivyo. Kwenye minada ya Mbulu na Hanang, Kiiraqw, ambacho ni Kikushi, hukutana na Kidatoga, ambacho ni Kiniloti, na pia Kinyaturu na Kiswahili, ambavyo ni Kibantu. Yaeda Chini, wilaya hiyohiyo ya Mbulu, wapo Wahadzabe, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na nyingine yoyote duniani. Mtoto wa Tumati husalimia *saita* nyumbani na shikamoo shuleni, na akienda mnadani husikia ya tatu na ya nne. Hakuna aliyemwambia kwamba huo ni ujuzi. Unapaswa kuhesabiwa kuwa ujuzi, na kutumiwa.

Wajapani wenyewe walishaonyesha namna ya kuanza. Mapema miaka ya 1960 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walipiga kambi Mangola, karibu na Ziwa Eyasi. Tomikawa Morimichi alikaa na Wadatoga. Wada Shohei na Yoneyama Toshinao waliandika kuhusu jamii ya Wairaqw. Fukui Katsuyoshi alichapisha mwaka 1970 utafiti juu ya pombe za kienyeji za Wairaqw, zinavyopikwa na kazi yake katika jamii. Mtu hakaribishwi kwenye kibuyu cha pombe bila kwanza kujua kuamkia. Mwenzao Umesao Tadao, aliyefanya utafiti hukuhuku, ndiye baadaye aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa Makumbusho ya Taifa ya Ethnolojia ya Osaka, yaliyofunguliwa mwaka 1977. Tangu mwaka 1967 Japani imekuwa ikileta Tanzania vijana wa kujitolea, walimu, mafundi na maofisa kilimo, na kabla ya kupanda ndege hufundishwa Kiswahili kwa wiki kadhaa kambini kwao. Ndiyo maana Mjapani anayeshuka kwenye basi kijijini anaweza kusema shikamoo. Mtanzania anayekwenda kwao anastahili maandalizi ya namna hiyohiyo.

Umuhimu wa jambo hili umeonekana karibuni kwa namna ya kusikitisha. Nagai, mji mdogo mkoani Yamagata, ulikuwa mwenyeji wa Tanzania wakati wa maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo. Agosti 2025, kwenye TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika, mjini Yokohama, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, JICA, liliutangaza kuwa mji rafiki wa Tanzania katika mpango wa kubadilishana watu na utamaduni. Baadhi ya vyombo vya habari vya Afrika, vya Tanzania vikiwemo, vikaandika kana kwamba mji umekabidhiwa kwa Tanzania. Uvumi ukaenea Japani kwamba wahamiaji wanakuja kwa wingi, simu za malalamiko zikamiminika kwenye ofisi za manispaa, na Septemba 25 JICA ikaufuta mpango wote. Simbu alikuwa ametwaa dhahabu yake siku kumi tu kabla. Salamu pekee zisingeuzima uvumi ule. Lakini hofu ile iliwahusu watu ambao wakazi wengi hawajawahi kukaa nao wala kusikia sauti zao, na mkimbiaji anayeishi mjini, anayesema *konnichiwa* kwa muuza mboga kila jioni, huiondoa hofu hiyo nyumba kwa nyumba.

Wako watakaosema mtoto wa Tumati bado anahangaika na Kiingereza, asiongezewe mzigo. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama lengo lingekuwa kusoma magazeti ya Tokyo kwa maandishi ya kanji. Maneno mia ya kusema kwa mdomo hayahitaji daftari wala mtihani. Wengine watasema simu inatafsiri kila kitu. Simu ni msaada mkubwa kwenye lebo ya dawa na tiketi ya treni. Kwenye kilomita ya 18 haipo mkononi. Jambo moja tu linahitaji tahadhari: salamu hazisomi mkataba. Kijana yeyote anayeletewa karatasi za Kijapani na wakala adai nakala ya Kiswahili au Kiingereza, na aisome na mtu mzima anayemwamini kabla ya kuweka saini.

Vifaa vya kufundishia vipo na havigharimu kitu. NHK, shirika la utangazaji la Japani, lina idhaa ya Kiswahili na masomo mafupi 48 ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili, yanayosikilizwa kwa simu ya kawaida yenye intaneti. Mlango wa kuombea mwalimu nao uko wazi: JICA na Ikangaa wamekuwa wakiandaa pamoja mashindano ya riadha ya wasichana Dar es Salaam tangu mwaka 2017. Shirikisho la Riadha Tanzania likiomba, na maofisa michezo wa Mbulu na Hanang wakitenga chumba cha shule jioni, kijana mmoja wa kujitolea kutoka Japani au Mtanzania aliyesoma huko anaweza kuwahudumia wakimbiaji wa kata kadhaa, wavulana na wasichana. Dakika ishirini baada ya kunyoosha viungo zinatosha. Wiki ya kwanza iwe salamu na kujitambulisha: *Hajimemashite*, kisha jina na *desu*, kisha *Tanzania kara kimashita*, nimetoka Tanzania, na kufunga kwa *yoroshiku onegaishimasu*, ambayo Mjapani hutarajia kuisikia kila anapokutana na mtu atakayefanya naye kazi. Baada ya hapo zije namba, viungo vya mwili, chakula. Maandishi yasubiri.

Shule na makampuni ya Japani huanza mwaka wao Aprili. Kijana anayetarajiwa kuondoka Aprili anatakiwa awe ameshaanza kusema *ohayo gozaimasu* kufikia Septemba ya mwaka unaotangulia, na makocha wa Tumati wanaweza kulianza zoezi hilo hata kabla barua ya mwaliko haijafika.