Wasee, si kila laptopu inataka kufomatiwa

Hapa Nairobi laptopu ikianza kujikokota, jibu ni moja tu: "Hiyo ifomatiwe." Unaingia tao, unapanda ngazi hadi kwa fundi, unaacha mashine, unaambiwa rudi saa kumi jioni. Unalipa. Inakimbia wiki mbili, halafu inarudi kuwa kobe. Mimi naona tunalipia kazi ambayo mara nyingi haikuhitajika hata kidogo.

Angalia kwanza. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Kama palipoandikwa Disk pamekwama kwa 100% na hujafungua chochote cha maana, umepata mshukiwa wako. Laptopu nyingi za mtumba, zile za ex-UK tunazonunua, zina diski ya zamani yenye sahani inayozunguka, mara nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kimkono kinachokimbia huku na huku kutafuta faili. Windows inasoma na kuandika vitu vidogo vidogo bila kupumzika, na kimkono hakiwezi kuwa kila mahali. Fomati mara kumi, sahani ni ileile. Weka SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, na mashine ya 2014 inaamka kama imekunywa kahawa. Kwa laptopu nyingi za umri huo ni skrubu chache tu: zima, chomoa chaja na betri, toa ya zamani, ingiza mpya ya inchi 2.5. Lakini tafuta modeli yako YouTube kabla hujanunua, maana zile nyembamba sana hutumia aina nyingine.

Kama ni Memory ndiyo imejaa, hesabu tabu za Chrome. Ram ya 4GB haibebi tabu thelathini, buda. Pia zima programu zinazojiwasha zenyewe, ziko hapo hapo kwa Task Manager. Na hizo programu za "kusafisha ram" unazodaunilodi? Umeongeza mzigo mwingine.

Sikumaliza chuo, na hizi vitu sikufunzwa darasani. Lakini kinachoniuma zaidi si hata doo. Kwa hiyo mashine kuna picha zako, nywila ulizosevu, akaunti ya kazi yako ya online. Unamwachia mtu usiyemjua siku nzima, tena kufomati bila kukopi faili kunaweza kufuta kila kitu.

Mafundi wana kazi yao, sikatai. Skrini ikipasuka au bodi ikiungua, mpelekee. Ila kopi vitu vyako kwa fleshi kwanza, kaa hapo akifungua, na akikuwekea diski mpya, ile ya zamani rudi nayo nyumbani.