Kosa la Mashine ni Kosa la Mtu

Iko kauli moja fupi ambayo siku hizi imepewa heshima isiyoistahili. Kauli yenyewe ni hii: "Kompyuta ndiyo inayosema hivyo." Utaisikia katika benki, katika hospitali, na katika ofisi ya karo. Mtu mzima mwenye stakabadhi mkononi huambiwa kuwa hakulipa, kwa sababu kompyuta haionyeshi malipo yake. Naye hunyamaza, akaona haya kushindana na kitu kisichokula wala kulala. Nia ya insha hii ni kuipinga kauli hiyo, na kukusihi wewe msomaji, ambaye huenda kesho ukaitwa fundi wa mashine hizo, usikubali kuwa mtumishi wake.

Kompyuta ni nini? Ni mashine inayotii maagizo. Maagizo hayo huitwa programu, nayo huandikwa na watu. Mwandishi wa programu huchoka kama mkulima, huharakishwa kama fundi cherehani katika siku za kukaribia Idi, na mara nyingi haijui vema kazi ya watu anaowaandikia. Basi hukosea kama wanadamu wote. Tofauti ni moja tu: kosa la karani hukaa katika ukurasa mmoja wa daftari, lakini kosa la mwandishi wa programu huenezwa katika maelfu ya mashine, likarudiwa usiku na mchana bila kuchoka. Kwa hiyo, asemaye kwamba mashine haikosei anasema kwamba aliyeiandikia programu hakosei. Na cheo hicho hakuna mwanadamu aliyepata kukifikia.

Tuitazame Uingereza, nchi yenye mahakama kongwe na vyuo vyenye sifa, tuone kauli hii ilifanya nini huko. Kuanzia mwaka 1999, shirika la posta la nchi hiyo lilieneza katika posta zake mfumo wa hesabu wa kompyuta ulioitwa Horizon. Mfumo huo ulitengenezwa na kampuni ya ICL, ambayo baadaye ilichukua jina la mwenyewe, Fujitsu ya Japani. Posta nyingi ndogo za huko husimamiwa na watu waliojiajiri, ambao huuza stempu na kupokea fedha za wateja pembeni mwa duka lao. Msimamizi wa posta ya namna hiyo hujulikana na kijiji kizima, na heshima yake ndiyo mtaji wake.

Haukupita muda mrefu, upungufu ukaanza kuonekana katika hesabu. Wasimamizi walizihesabu fedha zao jioni, wakazirudia tena na tena, lakini mashine ilidai zaidi ya zilizokuwamo. Walipoomba msaada, wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao waliopatwa na shida hiyo. Neno hilo halikuwa la kweli, nalo liliumiza kuliko deni lenyewe, kwa maana mtu anayeambiwa yuko peke yake huanza kuishuku akili yake. Baadhi yao walitoa akiba zao, wengine walikopa kwa jamaa zao, ili kulipa fedha ambazo hazikupata kupotea. Kati ya mwaka 1999 na mwaka 2015, watu zaidi ya 900 walihukumiwa kwa wizi, ulaghai, au kuandika hesabu za uongo. Na wengi wao walishitakiwa na shirika lenyewe la posta. Mwaka 2010 mama mmoja alipelekwa gerezani akiwa mjamzito.

Ushahidi dhidi yao ulikuwa nini? Ulikuwa maneno ya mashine. Mwaka 1999 Bunge la Uingereza lilifuta kifungu cha sheria kilichomtaka mshitaki athibitishe kwamba kompyuta iliyotoa ushahidi ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Tangu hapo mahakama ikaidhani mashine kuwa mzima mpaka mshitakiwa aonyeshe ubovu wake. Lakini mwenye duka wa kijijini atauonyeshaje ubovu wa programu ambayo hakuiandika, wala hakuruhusiwa kuisoma?

Na ubovu ulikuwako. Mwaka 2015, katika kijiji cha Dalmellington huko Scotland, skrini ya posta iliganda wakati msimamizi alipokuwa akithibitisha kupokea fedha pauni 8,000. Alibonyeza tena, kama vile wewe au mimi tungalivyofanya. Kila alipobonyeza, mashine iliandika pauni 8,000 nyingine kimyakimya, hata hesabu ikasoma 32,000. Pauni 24,000 zikazaliwa na kidole! Kosa hilo lilipochunguzwa, ilionekana kuwa halikuanzia Dalmellington wala halikutokea huko tu. Zaidi ya hayo, mafundi wa kampuni walikuwa na kumbukumbu ya hitilafu zilizojulikana, na waliweza kuziingia hesabu za posta kutoka mbali, hali shirika lilikuwa likikana jambo hilo mbele ya watu.

Wasimamizi 555, wakiongozwa na Alan Bates, walikwenda katika Mahakama Kuu. Desemba 2019 Jaji Fraser alitoa hukumu kwamba mfumo ule ulikuwa na hitilafu zilizoweza kuleta upungufu katika hesabu, akaulinganisha ukaidi wa shirika na wa mtu anayeshikilia kuwa dunia ni bapa. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39. Januari 2024 mkuu wa Fujitsu katika Ulaya aliomba radhi mbele ya wabunge, na Mei mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ya kufuta mamia ya hukumu kwa mara moja. Wengine walikuwa wamekwisha kufa. Sheria haiwezi kuwarudishia wafu majina yao wakayasikia.

Sasa pima, msomaji. Je, maovu haya yalitoka katika mashine? Hata kidogo. Hitilafu katika programu ni jambo la kawaida, kama ufa katika ukuta. Uovu ulianza pale ambapo ufa ulionekana, ukafunikwa kwa pazia, na aliyeuonyesha akaitwa mwizi. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Kilio cha Uingereza kilisikika baada ya miaka 20.

Upande wa pili wa mambo tunauona Marekani. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyoitwa Therac-25 iliwapiga wagonjwa sita kwa mionzi mingi kupita kiasi huko Marekani na Kanada, na baadhi yao wakafa. Watengenezaji walisema kwamba haiwezekani. Lakini katika hospitali moja mjini Tyler, Texas, mwaka 1986, mwanafizikia wa hospitali hakutosheka na neno hilo. Aliketi pamoja na mwendeshaji wa mashine, wakarudia hatua zake moja moja, mpaka wakagundua kwamba kosa lilitokea pale mwendeshaji mzoefu aliposahihisha maandishi kwa haraka sana, kabla mashine haijamaliza kujipanga. Watengenezaji walikuwa na vyeti na ramani zote za mashine. Wawili hawa walikuwa na subira, na mmoja wao alikuwa radhi kumsikiliza mwenzake. Huo ndio utendaji mwema ninaotaka kuusifu.

Wako watakaonipinga. Watasema, "Wezi wapo, ukimruhusu kila karani kuisingizia mashine, hakuna mwizi atakayefungwa." Najibu kwamba sikusema karani aaminiwe bila kuchunguzwa. Nasema mashine nayo ichunguzwe. Shahidi asiyeulizwa maswali si shahidi, ni mfalme. Wengine watasema, "Kampuni ikikiri makosa, wateja wataikimbia." Najibu kwamba mhunzi hakosi wateja kwa kuvunjikiwa na koleo, kwa kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, huwakosa kwa kuwauzia jembe bovu huku akijua. Wengine tena watasema, "Fundi kijana hana nguvu, akisema, atafukuzwa." Pingamizi hili ndilo lenye uzito, wala silidharau. Mwenye kuogopa njaa si mwoga wa kuchekwa. Lakini hapo lawama inawaangukia wakubwa. Mkubwa anayemwadhibu mletaji wa habari mbaya hapunguzi habari mbaya, anapunguza wanaoileta. Ofisi ambayo ndani yake hapana mtu awezaye kusema "nimekosea" ni ofisi ya hatari, hata kama kuta zake ni za vioo na viti vyake vinazunguka.

Jambo hili linatuhusu sisi katika Kenya. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, fedha za watu wetu zimekuwa zikisafiri kwa simu. Hesabu za vyama vya akiba na mikopo, kadi za hospitali, na matokeo ya mtihani wako vinapita katika mashine. Wakala aliyeketi katika kibanda chake sokoni ni ndugu wa msimamizi wa posta: yeye hukutana na mashine ana kwa ana, na hesabu isipolingana, yeye hushukiwa kwanza. Sisemi kwamba mashine zetu zina makosa yale yale. Nasema kwamba zimeandikwa na watu, na kesho zitaandikwa na ninyi.

Basi ukiingia katika kazi hiyo, shika desturi hizi. Usiitoe programu yako kabla mwenzako hajaisoma, kwa kuwa jicho la mwandishi huruka makosa yake mwenyewe. Andika kila badiliko, nani alilifanya, lini, na kwa sababu gani, ili ukweli usitegemee kumbukumbu ya mtu. Ukiona hitilafu, iripoti kwa maandishi, na nakala ya ripoti yako uijue ilipo. Anapokuja mtu asiye na elimu yako akikuambia kwamba mashine imemdhulumu, usimwambie kuwa haiwezekani. Keti naye, mwambie akuonyeshe. Na kama hutakuwa fundi bali hakimu, mwalimu, au karani, iulize mashine maswali yale yale ambayo ungalimwuliza mtu.

Zamani ufundi wa seremala ulipimwa kwa mlango unaofunga, nao wa mwashi kwa ukuta usiopinda. Ufundi wa programu ni mgumu kupimwa hivyo, kwa sababu ubovu wake hauonekani kwa macho. Kwa ajili hiyo hiyo unadai watu wakweli kuliko ufundi mwingine wowote. Elimu ya kuandika programu utaipata kwa miaka michache chuoni. Ujasiri wa kusema "hapa pana kosa" uanze kujifunza leo, ungali mwanafunzi, katika daftari lako mwenyewe.