Mwenye Jembe Hana Shamba

Katika majibu ya mitihani ya fasihi, wanafunzi wetu wamezoea kuandika "umaskini" chini ya nambari moja na "nafasi ya mwanamke" chini ya nambari nyingine, kana kwamba mambo hayo mawili hayajuani. Mgawanyo huo humrahisishia mtahini usahihishaji. Hata hivyo, huficha ukweli ambao waandishi mahiri wameueleza tangu zamani, na ambao wakazi wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta huushuhudia kila msimu wa kilimo.

Tuangalie mfano wa India. Mnamo mwaka wa 1936, Premchand alichapisha riwaya ya Godaan kwa lugha ya Kihindi. Wengi huikumbuka kama kisa cha Hori, mkulima aliyetamani kumiliki ng'ombe na ambaye alikufa akiandamwa na madeni. Lakini anayebaki na mzigo mwishoni ni mkewe, Dhania. Inapotakiwa sadaka ya ng'ombe kwa ajili ya mumewe anayekata roho, mama huyu hana ng'ombe. Ana sarafu chache tu alizopata kwa kuuza kamba. Anazitoa zote. Alitoa jasho shambani miaka mingi pamoja na mumewe, lakini alichoweza kukiita chake ni malipo ya kamba.

Msomaji wa Taita Taveta haoni kisa hicho kuwa kigeni. Kasigau na kwingineko, akina mama husuka vikapu vya mkonge, na fedha wanazopata huwa karo, unga na dawa. Ustadi wao unasifiwa, na ni haki usifiwe. Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni hili: mama huyo, baada ya kusuka na kulima, anamiliki nini?

Ardhi katika kaunti hii ni haba, japo ramani yaonyesha eneo kubwa. Mbuga ya Tsavo, iliyotengwa na serikali ya kikoloni mwaka wa 1948, inachukua zaidi ya nusu ya kaunti. Mashamba makubwa ya mkonge nayo yana sehemu yake. Wananchi wamebakiwa na vipande ambavyo hugawanywa upya kila kizazi, na ambavyo ndovu huviingia mavuno yakikaribia.

Watakuwapo watakaosema kwamba basi dhiki hii ni ya wote, wanaume kwa wanawake. Ni kweli, ila haiwaangukii kwa uzito mmoja. Kipande kinapokuwa kidogo, hutafutwa mtu wa kuondolewa katika mgao, na wa kwanza kuondolewa huwa binti kwa kuwa "ataolewa", kisha mjane kwa kuwa "alikuja tu". Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanamke hupewa jembe siku ya kwanza, naye hubaki mgeni hadi kaburini. Bila hatimiliki hana dhamana ya kupeleka benki, na siku mumewe akifa hana uhakika wa mahali pa kulala.

Sheria haimnyimi haki. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, huwatazama watoto wote kwa usawa bila kujali jinsia. Katiba ya mwaka wa 2010 inataka ubaguzi wa kijinsia katika umiliki wa ardhi ukomeshwe. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka wa 2013 inatambua kwamba kulea watoto na kulima shamba la familia ni mchango katika mali. India nayo ilirekebisha sheria yake ya urithi mwaka wa 2005 ili mabinti wa Kihindu wapate haki sawa na ndugu zao katika mali ya ukoo.

Haki hiyo hupotelea njiani. Kesi ya mirathi kwa kawaida huanza na barua ya chifu inayotaja warithi. Jina la binti aliyeolewa lisipoandikwa humo, naye asijue kwamba lilistahili kuandikwa, hakimu atagawa mali kwa wale anaowaona karatasini.

Hapa ndipo mwalimu wa fasihi ana kazi kubwa. Ashua katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea anapokwenda kuomba msaada kwa Majoka, asiachwe chini ya kichwa cha "umaskini" pekee. Mwanafunzi aulizwe: ni nani mwenye mali, na aliipataje? Akizoea kuuliza hivyo kitabuni, hatashindwa kuuliza nyumbani siku barua ya chifu itakapoandikwa. Kijana wa kiume naye aulize kwa niaba ya dada yake. Elimu isiyofika katika kikao cha ukoo itakuwa imeishia kwenye karatasi ya mtihani.