Yule Mama wa Mtoni Hana Jina

Kuna mwanamke anayekufa mwanzoni mwa Born Free, na sijawahi kumsikia mtu akimtaja. Yuko mtoni anafua nguo, simba anamvamia, basi. Kifo chake ndicho kinachomtoa George Adamson na bunduki yake, na ndicho kinachofanya simba jike apigwe risasi na kuacha watoto watatu. Mmoja wa hao watoto ni Elsa. Elsa anajulikana dunia nzima; kaburi lake liko mbuga ya Meru na watalii hupelekwa kulipiga picha. Yule mama hana jina, hana mume, hana hata matanga. Filamu inamhitaji kidogo tu ili hadithi ianze, halafu inamuacha pale pale.

Mimi ni mtu wa Kathonzweni, barabara ya kutoka Wote kwenda Makindu. Pale sokoni hutasikia habari za simba kila siku. Lakini panda matatu mpaka Makindu, fuata barabara ya Mombasa upite Kibwezi hadi Mtito Andei, na utakuwa umepita chini ya milima ya Chyulu ukafika mpaka wa Tsavo. Au vuka mto Athi uingie Kitui Kusini, uende Ikutha na Mutha. Huko mahindi yakikomaa, watu hawalali nyumbani. Wanalala shambani na tochi na debe la kupiga kelele, kwa sababu nzou, ndovu, hawabishi hodi. Watu wetu wanaishi ndani ya ile sehemu ya kwanza ya filamu, ile inayosahaulika.

Aliyeielekeza Born Free ni James Hill, Mwingereza wa Yorkshire, aliyezaliwa 1919 na kufariki 1994. Tusimdharau. Huyu jamaa alijua kazi. Filamu yake fupi Giuseppina, ya 1960, ilishinda Oscar. 1965 alimtuma Sherlock Holmes kumsaka Jack the Ripper katika A Study in Terror. 1966 ikaja Born Free, ambayo muziki wake ulichukua Oscar mbili. Baada ya hapo Kenya haikumtoka: The Lions Are Free 1967, kisha An Elephant Called Slowly 1969, akiwa na ndovu wadogo wa Tsavo. Halafu, pamoja na Bill Travers, filamu ya Christian, yule simba aliyenunuliwa duka la Harrods kule London akaletwa Kora kuishi na Adamson. Ukiwahi kuona kwenye YouTube simba akiwakumbatia vijana wawili wenye nywele ndefu, ndiye huyo.

Sasa chukua ramani. Tsavo iko kusini mwa Ukambani. Kora iko kaskazini, jirani na Kitui upande wa Mwingi. Kamera ya Hill ilisimama pande zote mbili za nyumbani kwetu, na pande zote mbili ikaona pori lisilo na mwenyewe.

Lilikuwa na wenyewe. Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa 1948. Kabla ya hapo, kwa vizazi, Wakamba na Wawaata waliwinda pale kwa upinde na mshale wa sumu, wakijua maji yako wapi na ndovu hupita njia gani. Miaka ya 1950 kukawa na kampeni kali dhidi yao. Wengi wakakamatwa na kufungwa. Mtu alilala akiwa mwindaji, akaamka akiwa jangili. Hadithi kubwa hiyo, yenye mapenzi, usaliti, njaa na jela. Lakini kamera zilipofika, zilimfuata simba.

Najua utaniambia: wewe nawe, hii ni filamu ya wanyama, ulitaka nini? Na kwamba Waafrika wamo. Kweli wamo. Kuna Nuru, aliyeigizwa na Peter Lukoye, na Makkede, aliyeigizwa na Omar Chambati. Wana majina na wanafanya kazi nzuri. Lakini niambie Nuru anataka nini maishani. Niambie Makkede anaogopa nini usiku, au kwao ni wapi. Elsa anataka nini tunajua: anataka uhuru, na hadithi nzima imejengwa juu ya hilo. Filamu hii ilipigwa kando ya Mlima Kenya, nchi ikiwa imetoka tu kupata uhuru wake, na kiumbe pekee ambaye uhuru wake unatutoa machozi ana miguu minne. Usiniambie hiyo ni bahati mbaya. Kuchagua nani awe mhusika ndiyo kazi ya mwelekezi.

Nitampa Hill haki yake. Yule ndovu mdogo wa An Elephant Called Slowly aliitwa Pole Pole. Serikali ya Kenya ilimtoa zawadi kwa bustani ya wanyama ya London. Travers na mkewe Virginia McKenna walijaribu kumnunua wamwachilie, wakaambiwa basi atakamatwa mwingine badala yake. Pole Pole alikufa 1983. Mwaka uliofuata wakaanzisha kampeni ya Zoo Check, ambayo baadaye ikawa shirika la Born Free, na wanyama wengi wamefaidika. Hilo ni jambo jema na silipingi.

Lakini ona nguvu ya filamu ilivyo. Watu walimpenda ndovu mmoja kwa sababu walimjua kwa jina, na kifo chake kikazaa shirika. Mkulima wa Mutha akiuawa na ndovu, kifo chake kinazaa faili. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema familia yake ilipwe shilingi milioni 5. Sheria ni nzuri, lakini kutoka kwenye faili hadi kwenye mfuko wa mjane ni safari ya miaka, na hakuna anayechangisha pesa London kuiharakisha. Sisemi wazungu wana roho mbaya. Nasema mtu humlilia anayemjua, na sisi hatujawahi kujulishwa kwao.

Kinachoniudhi zaidi hata si Hill, ambaye ameshalala. Ni sisi wa Nairobi. Kikosi cha filamu kikishuka JKIA na masanduku ya kamera, tunapost bendera: wametuchagua! Maze, wamechagua mandhari. Machweo, mbuyu, vumbi jekundu. Kubeba taa na kuendesha gari la seti ni kazi halali na inalipa rent, sitamkataza mtu. Lakini ukishangilia kuwa mandhari kwa miaka sitini, usishangae dunia ikikuona kama mti.

Na usiniambie hatuna watu. Kati Kati ya Mbithi Masya ilipata tuzo ya wahakiki wa FIPRESCI kule Toronto 2016. The Battle for Laikipia, ambayo Peter Murimi aliielekeza pamoja na Daphne Matziaraki, ilifika Sundance 2024 ikiwa na wafugaji, walowezi na wahifadhi wakigombania nyasi zile zile, na kila upande una sura na sauti. Kumbe inawezekana. Wanyama wamo, watu wamo, na hakuna aliyegeuzwa mti.

Ukidhani mlinda shamba hawezi kuwa mhusika wa maana, mwangalie Hill mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alirudi kwenye televisheni akaielekeza Worzel Gummidge. Huyo Worzel ni sanamu ya kutishia ndege shambani. Sanamu! Ina jina, ina hasira, inapenda, inavunjwa moyo, na watoto wa Uingereza waliifuata kwa misimu minne. Kama boriti lililovishwa koti linaweza kubeba hadithi kwa sababu tu limesimama kulinda mimea, basi anko wako wa Kibwezi, mwenye tochi moja na ekari mbili za ndengu, anaweza kubeba filamu nzima.

Kwa hivyo wasee wa Makueni na Kitui mlio na kamera, au simu yenye kamera ya maana, acheni kungoja kuitwa kwenye seti ya mtu. Mvua ya Novemba ikishanyesha na ndengu zikianza kutoa maganda, watu watakuwa nje usiku kucha kule chini. Nendeni mkakae nao. Muulizeni kila mmoja jina lake kwanza, na mliandike vizuri.