Ndege Mwenye Pete Mguuni

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Oktoba, mbayuwayu huonekana juu ya mto na juu ya mashamba yetu ya Barumbu. Huruka chini chini wakikamata wadudu, na jioni hukusanyika kulala katika matete. Ifikapo Aprili, hutoweka. Hutoka wapi, nao hurudi wapi? Juma hili twataka kueleza jinsi jibu lilivyopatikana.

Huko Ulaya watu waliuliza vivyo hivyo. Wengine walisadiki kwamba wakati wa baridi mbayuwayu hujizika katika matope ya maziwa. Lakini mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, aliuawa korongo mwenye mkuki wa Kiafrika uliomchoma shingoni; alikuwa ameruka nao mpaka huko! Korongo huyo amehifadhiwa katika mji wa Rostock hata leo.

Lakini mkuki si njia njema ya kuuliza habari. Mwaka 1899 mwalimu Hans Christian Mortensen, wa mji wa Viborg katika Denmark, alianza kuwavika ndege pete nyepesi za alumini zenye namba na anwani. Kazi hiyo ikaenea. Mbayuwayu aliyevikwa pete Uingereza mwezi wa Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika ya Kusini, mwezi wa Desemba 1912. Na katika nchi yetu ya Kongo pete za Ulaya zimeokotwa mara nyingi.

Kazi yenyewe hufanywaje? Mwezi wa Septemba, kabla ya kuanza safari, mbayuwayu wa Ulaya hulala makundi makundi katika matete na katika mashamba ya mahindi. Wataalamu husimamisha nyavu nyembamba juu ya miti jua likikaribia kuchwa. Ndege akinaswa hutolewa polepole, huvikwa pete, hupimwa bawa na uzito, namba yake huandikwa daftarini, kisha huachwa aende zake. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi tu, na pete yake haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu moja. Afrika ya Mashariki nako kazi hii yajulikana: katika hoteli ya Ngulia, mbuga ya Tsavo nchini Kenya, ndege wasafiri huvikwa pete tangu mwaka 1969, hasa usiku wa ukungu, taa zinapowavuta.

Lakini pete haisemi mpaka aliyeiokota aseme. Pete iliyotupwa ni barua isiyosomwa. Wako wanaoiogopa, wakidhani ni uchawi au upelelezi. Hata Misri, mwaka 2013, korongo mwenye chombo cha kufuatia safari zake alikamatwa akapelekwa polisi, akidhaniwa mpelelezi!

Hatumlaumu baba atafutaye kitoweo cha wanawe. Huko Ebbaken, katika Nigeria, ambako mbayuwayu zaidi ya milioni moja hulala pamoja, wenyeji walikuwa wakiwanasa kwa ulimbo wapate nyama. Lakini tukumbuke kwamba ndege huyu ala wadudu mchana kutwa bila kudai mshahara. Anayeuawa hapa ni yule yule anayengojewa zizini kwa mkulima wa mbali. Na akikosa mahali pa kulala huku, hatarudi kule. Nchi moja peke yake haiwezi kumlinda msafiri wa nchi nyingi.

Basi, mkimkuta ndege mwenye pete naye yu hai, msiivue. Nakilini herufi na namba zote, au zipigeni picha kwa simu, kisha mwachieni. Akiwa amekufa, vueni pete, ifungeni katika karatasi, mkaandike tarehe, jina la kijiji, na jinsi alivyopatikana. Mpelekeeni mwalimu au padri, awasaidie kuandikia kituo ambacho jina lake limo katika pete. Kwa desturi aliyeleta habari hujibiwa: huambiwa ndege wake alivikwa pete wapi, na siku gani.

Haba na haba hujaza kibaba. Namba moja kutoka Barumbu yaweza kukamilisha safari iliyoanzia Ulaya. Kwa hiyo, enyi wanafunzi, mkiokota ndege, tazameni kwanza miguu yake.