NYUMBA NA JAMAA: Tuwambe Kitambaa, Tupambe Ukuta

Ndugu wasomaji, wahenga walinena ya kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tuishio katika kota za jeshi na polisi twaijua maana ya methali hiyo kuliko watu wengi. Milango yetu ni sawa, madirisha ni sawa, na kuta zote zimepakwa rangi moja. Mgeni atakaye kujua ni nani akaaye humo hana budi kuingia ndani. Akisha kuingia, aghalabu huiona kalenda ya mwaka uliopita, na matundu ya misumari yaliyoachwa na jamaa waliohama.

Si kwamba hatupendi vitu vizuri. Picha iliyokwisha tiwa fremu dukani ni ghali, na mshahara una kazi nyingi. Tena kuna uhamisho. Mtu ajuaye kwamba barua yaweza kufika Ijumaa na lori likaja Jumatatu, huona ni upuzi kupamba nyumba isiyo yake. Mimi nami niliwaza hivyo. Niliishi miaka minne katika kota moja bila kutundika kitu. Siku moja mwalimu aliwaambia watoto wachore nyumbani kwao. Mwanangu akachora mlango wenye namba, basi. Nilipomwuliza ndani kuna nini, akajibu, "Ndani hakuna kitu, mama." Maneno yale yaliniuma, na ndiyo yaliyonifunza kazi nitakayoieleza leo.

Kazi yenyewe ni kutengeneza kitambaa cheupe kilichowambwa juu ya fremu ya mbao, kama wachoraji wafanyavyo, kisha kukipamba kwa vitu vilivyomo nyumbani. Ni chepesi, hubebeka, na siku ya kuhama hutiwa baina ya magodoro kikafika salama.

Vitu vinavyohitajika ni hivi: vipande vinne vya mbao nyembamba iliyokauka, viwili vya sentimita 50 na viwili vya sentimita 40, amerikani au shuka kuukuu ya pamba isiyotoboka, misumari midogo, gundi nyeupe ya seremala, rangi nyeupe ya maji, ile ipakwayo kutani, na kipande cha msasa laini. Mbao waweza kuzipata kwa seremala miongoni mwa masalio yake, au kutoka katika sanduku la mizigo lililovunjika.

Kwanza, fua kitambaa kwa maji ya moto ili wanga utoke na kisinyae kabisa, kisha kipige pasi. Kisiposinyaa sasa, kitasinyaa baadaye na kuipinda fremu. Pili, unganisha mbao kwa gundi na misumari. Kabla gundi haijakauka, pima kwa uzi kutoka pembe hadi pembe iliyoielekea, kisha pima pembe nyingine mbili. Vipimo vikilingana, fremu yako imenyooka; visipolingana, isukume kidogo hadi vilingane. Sugua kwa msasa kingo za mbele, zisije zikakikata kitambaa.

Tatu, laza fremu juu ya kitambaa, na ukate kitambaa ukiacha sentimita 6 kila upande. Sasa ndipo twawamba. Piga msumari mmoja katikati ya upande mmoja, nyuma ya fremu. Kisha vuta kitambaa na upige mwingine katikati ya upande uuelekeao. Fanya vivyo hivyo kwa pande mbili zilizobaki. Endelea kutoka katikati kwenda pembeni, upande huu na upande ule kwa zamu, na pembe ziwe za mwisho. Wengi hukosea kwa kuanza na pembe, na kitambaa hufanya mikunjo isiyoondoka. Kikigongwa kwa kidole, kitambaa kilichowambwa vema hulia kama ngoma ndogo.

Nne, changanya gundi fungu moja na maji mafungu mawili, upake kote, uache hadi ikauke. Kisha paka rangi nyeupe mara mbili, na kila ikaukapo isugue kidogo kwa msasa. Usipake rangi ya mafuta juu ya kitambaa kitupu, kwani mafuta huozesha nyuzi za pamba kadiri miaka ipitavyo. Tena baadhi ya rangi za mafuta zina madini ya risasi, nayo hudhuru akili za watoto wadogo. Rangi ya maji yatosha.

Je, tuweke nini juu ya weupe huo? Asiyejua kuchora asiogope. Masalio ya kitenge hukatwa maumbo ya ndege, samaki au mtungi, yakabandikwa kwa gundi. Maganda makavu ya mgomba, yaliyonyooshwa chini ya vitabu vizito, yana rangi za kahawia zaidi ya tano, nayo hufanya vibanda, mitumbwi na watu. Jani lenye mishipa migumu likipakwa rangi na kukandamizwa juu ya kitambaa huacha sura yake yote. Waweza pia kukata umbo katika karatasi ngumu kwa wembe, ukapitishia rangi kwa kipande cha sifongo cha godoro. Rangi na iwe nzito na chache, isije ikapenya chini ya karatasi.

Hapa Uganda tunayo hazina nyingine, ndicho kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho Waganda hukiita olubugo. Gome hubanduliwa, likapondwa kwa nyundo za mbao hadi likawa laini na pana, na mti ukitunzwa huota gome jipya. Ustadi huo ulitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Kipande kidogo kikiwambwa juu ya fremu hakihitaji rangi ya chini. Rangi yake ya kahawia ni pambo tosha. Ila usikivute kwa nguvu, na usikitie maji.

Asidhani mtu kwamba vitu duni huzaa kazi duni. Jirani yetu wa Tanzania, Edward Saidi Tingatinga, hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Mwishoni mwa miaka ya 1960, jijini Dar es Salaam, alichora wanyama na ndege juu ya mbao za kubandikia dari, kwa rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake wajulikana duniani kwa jina lake hata leo.

Kuhusu kutundika, usitoboe ukuta wa serikali. Funga uzi imara nyuma ya fremu, uupitishe juu hadi kwenye boriti. Picha iwe usawa wa macho ya mtu aliyesimama, mbali na jiko la mkaa na mbali na jua la dirishani. Neno moja zaidi, nalo ni la lazima kwetu: usichore ramani ya kambi, silaha, wala namba ya kikosi. Picha ya nyumbani huonwa na kila mgeni.

Nimalize kwa habari ya jirani mmoja. Mumewe alikuwa miongoni mwa askari wetu waliokwenda Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kupelekwa mwaka 2007. Alipoondoka alimwacha mtoto mchanga. Mkewe akawamba kitambaa cheupe, na kila mwisho wa mwezi akapaka rangi ya maji kiganja cha mtoto na kukibandika hapo, akiandika tarehe chini yake. Baba aliporudi, mtoto alimkimbia akilia, kwa kuwa hakumjua. Siku tatu alijificha nyuma ya mama. Siku ya nne baba aliketi mbele ya kitambaa kile, akavitazama viganja kimoja kimoja kwa utaratibu wa tarehe. Mtoto akasogea polepole, akaweka mkono wake juu ya kiganja cha mwisho kuonyesha kwamba ni chake. Baba akaomba rangi, akakibandika cha kwake kando. Kitambaa kile kimehama nao kota mbili sasa.

Ndugu wasomaji, nyumba ni ya serikali, lakini utoto wa wanetu ni wetu, nao haungoji barua ya uhamisho. Jumamosi hii tafuteni mbao nne na shuka kuukuu, mfanye kazi hiyo pamoja, baba, mama na watoto. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kushona mapazia kutokana na vitenge vilivyochakaa.